Kwaya Iliyolala Ndani ya Spam

Barua ya Tante tuliikuta imelala kati ya tangazo la dawa ya kuotesha nywele na mjane asiyejulikana aliyetaka kumgawia mtu yeyote dhahabu ya marehemu mumewe. Ilikuwa ndani ya simu ya mwenzangu wa zamani wa kwaya, besi mwenye kifua kama pipa, anayeuza misumari na mabati hapa Butembo. Duka lake liko mteremko mmoja tu kutoka nyumba ya Tante. Akipiga chafya dukani, Tante anaweza kumwambia pole. Na bado barua ilikuwa imezunguka dunia, ikarudi, ikatupwa jalalani mlangoni pake, naye hakujua lolote.

Tante si shangazi yangu wa damu. Aliongoza kwaya ya kanisa letu kule Beni tulipokuwa vijana, na kila aliyewahi kugongwa begani na kijiti chake cha kuongozea anamwita hivyo. Mazoezi yalikuwa nyuma ya kanisa, saa za alasiri, kakao ya majirani ikikauka juu ya maturubai. Mpaka leo nikisikia harufu ile chachu, koo langu linatafuta sauti ya tenor. Mwaka wa mwisho tuliokuwa pamoja, Tante alitunga wimbo wake mwenyewe wa sauti nne. Kila sauti ilijifunza upande wake, lakini hatukuwahi kuuimba pamoja, wala mbele ya kanisa. Siku zilikuwa mbaya, familia zikaondoka moja moja. Wengine walikuja Butembo, wengine wakaenda Kayna, wengine wakavuka mpaka. Tante naye alipanda Butembo na sweta moja.

Mimi nilikuwa nimeondoka kabla yao. Nina diploma ya sekondari na miguu isiyotulia. Nimeuza vipuri vya simu Kampala, nimetunza saiberi, duka la intaneti, kule Kayna, nimekaa Bunia, nimekaa Kisangani, nimerudi, nimeondoka tena. Kila mji niliofika niliutamani ule niliouacha. Kitu kimoja nilichobeba mji hadi mji ni ujuzi wa kutunza seva, nilioupata kwa kuharibu na kutengeneza.

Safari hii nilipopita kumsalimia Tante, nilimkuta uani akimenya viazi.

“Mutoto yangu, nimechoka,” aliniambia. “Kwaya naachia batoto ba sasa. Pasta amekwisha panga siku. Miye naenda Kipese kwa yaya yangu, ule alinitangulia kuzaliwa, kulima. Butembo inaniumiza magoti na hii baridi.”

Nilimpinga: “Mais Tante, Kipese kuko baridi kupita hapa!”

“Baridi ya kwenu hapana umizaka.” Alitupa kiazi ndani ya sufuria, maji yakaruka. “Mais mbele niende, nataka nisikie ule wimbo. Mara moya tu. Na binywa bilebile.”

Vinywa vilevile. Hivyo tu. Hakuomba zawadi, hakuomba karamu. Alitaka kusikia kwa masikio yake wimbo ambao kwa miaka yote hii ulikuwa umeimbwa kichwani mwake peke yake.

Namba za simu za wanakwaya zilikuwa hazisaidii. Mtu akivuka mpaka anabadili namba, akiibiwa anabadili tena. Tulikuwa na kundi la kwaya kwenye simu, lakini kila asubuhi lilijaa picha za maua na sala, na tangazo la Tante lingezama humo kama sarafu ndani ya uji. Anwani za barua pepe, hizo watu wanazishika. Nyingi niliwafungulia mimi mwenyewe, enzi nilipokuwa kijana wa saiberi karibu na lile kanisa la Beni, nikimwambia kila mtu asisahau neno lake la siri, na kila mtu akilisahau.

Tante alikuwa na masharti mawili. La kwanza: barua itoke kwa kwaya, isitoke kwa mtu.

“Ikitoka kwako, batasema iko maneno ya ba-tenor.”

La pili: wote waipate kwa mara moja. Hili sikulishangaa, ndiyo desturi yetu. Ukialika watu kwenye arusi, yule aliyesikia leo kwamba mwenzake aliambiwa jana atakuja, atakula, lakini atakaa karibu na mlango. Kwa hiyo Tante alitaka barua iende kama tangazo la Jumapili, ambalo soprano na besi wanalisikia kwa pumzi moja.

Nikafanya kama alivyotaka. Nilikodi mashine ndogo iliyoko nchi za mbali, nikaipa kwaya jina lake kwenye intaneti, nikapanga seva yetu wenyewe ya barua. Nilijaza vyote vinavyotakiwa. Kwanza tamko linaloambia dunia kwamba mashine hii, na hii peke yake, ndiyo yenye ruhusa ya kusema kwa jina letu. Kisha sahihi ya siri inayogongwa juu ya kila barua kama muhuri. Kisha agizo kwa walinzi wa huko mbele: barua isiyo na muhuri wetu, msiiamini. Nikajitumia barua ya majaribio, ikafika. Nikafurahi. Sikufikiri kwamba kukaribishwa nyumbani kwako mwenyewe si ushahidi wa sifa njema.

Barua yenyewe aliiandika Tante. Ilianza kwa herufi kubwa: MPENDWA, BARAKA KUBWA INAKUNGOJA! Kisha: Umechaguliwa. Usichelewe. Jibu haraka, na utume majina yako yote na mahali unapokaa. Niliisoma nikaona ni nzuri, maana hivyo ndivyo tunavyosema kanisani kila juma. Jumapili, baada ya ibada, alikuja chumbani kwangu na kofia yake ya kanisa kichwani, akaweka kidole chake juu ya changu, na kwa pamoja tukaituma kwa kwaya nzima, watu zaidi ya mia, kwa pigo moja.

Hakuna aliyejibu.

Siku ya kwanza Tante alisema watu wako shambani. Siku zilizofuata alisema pengine umeme hauko. Juma likapita. Nikipita kwake aliuliza kwa macho tu, nami nilitikisa kichwa. Halafu nikamkuta anafunga masanduku.

“Kunyamaza ni jibu,” alisema. “Miye nilibapiga sana na kile kijiti. Njo vile, ndiyo sababu.”

“Tante, ngoja kwanza.”

“Ningoje nini? Nitaambia pasta tufanye paka sala fupi tu. Wimbo nitauimbia viazi kule Kipese.”

Alicheka, lakini alikunja vitambaa vya kwaya bila kuvipiga pasi, na Tante ni mtu anayepiga pasi hata soksi.

Niliteremka mpaka duka la misumari nikiwa na hasira. Kama kuna mtu ambaye hakuwa na sababu ya kunyamaza, ni huyu jirani.

“Ndugu,” nilimwambia, “umemukatalia Tante juu ya nini?”

“Nimemukatalia nini?” Aliacha kupima misumari, mteja akabaki na mkono wazi. “Tante nilimusalimia yuzi, akaniitika kama mutu wa meno kuuma. Nikasema, labda anafunga.”

“Barua! Alikutumia barua kwenye imeli.”

“Miye? Imeli yangu iko paka ba-wezi na madawa ya nywele tu.”

“Fungua.”

Alifungua. Kikasha cha kawaida, hakuna. Nikaichukua simu mkononi mwake, nikaingia ndani ya folda ya spam, pale walinzi wa barua wanapotupa uchafu. Na Tante alikuwa pale, baraka yake kubwa ikimngoja, na kofia yake ya kanisa, kati ya dawa ya nywele na mjane wa dhahabu.

Besi aliisoma kwa sauti yake nzito, mteja akiwa anasikiliza. Alipofika “umechaguliwa”, mteja alisema, “Papa, usijibu! Muyomba yangu walimukulia pesa vile vile.”

Tulicheka mpaka mizani ikatikisika. Lakini moyoni nilikuwa nimepona. Hawakumkataa. Hawakusikia.

Kesho yake nilishuka Beni. Ningeweza kukaa Butembo nikachunguza seva, lakini miguu yangu haihitaji sababu kubwa, na pia nilitaka kuona kikasha kingine kwa macho yangu. Mmoja wa alto wetu ana depo ya kakao pale, na nilipovuka mlango wake harufu ile ilinipiga kifuani, nikasimama. Aliniangalia, akasema, “Ingia, tenor. Usilie juu ya kakao ya batu.”

Kwenye kompyuta yake ilikuwa hivyo hivyo. Barua ya Tante ilikuwa ndani ya takataka, na juu yake onyo la rangi nyekundu kwamba mtumaji huyu haaminiki. Alto aliisoma, akashika mdomo.

“Ee Mungu. Tante anaandika kama mwizi.”

“Anaandika kama pasta.”

“Njo ile nasema! Ba-wezi bote banajifunza kwa ba-pasta.”

Alibonyeza pale pa kusema hii si takataka, akajibu barua papo hapo. Halafu alinipikia, na tulikaa tukiitaja kwaya mtu kwa mtu: nani aliimba kwa pua, nani alilala wakati wa mahubiri akiwa amesimama. Nilirudi Butembo nikiwa na unga wa kakao kwenye viatu, na nikafungua mashine yangu kutafuta makosa.

Yalikuwa matatu. La kwanza, namba ya mashine niliyokodi ilikuwa na historia. Aliyeikodi kabla yangu alimwaga uchafu duniani, na jina lake baya lilibaki ukutani. Ni kama kupanga nyumba ya mtu aliyekuwa mwizi wa kuku: kuku yeyote akipotea mtaani, wanagonga kwako. Nikawaandikia wanaotunza orodha ya namba mbaya, nikawaeleza kwamba sasa anakaa hapa mwanakwaya. Wakaiondoa. La pili lilikuwa maneno ya Tante. La tatu ndilo lililokuwa gumu. Mashine iliyozaliwa juzi, ambayo hakuna anayeijua, ilifungua mdomo kwa mara ya kwanza na kuwaita watu zaidi ya mia kwa pumzi moja. Walinzi wa barua wanaona mgeni wa namna hiyo ni mwizi au ni kichaa. Mgeni mwema anaanza na majirani wachache, anaitikiwa, kisha anasogea.

Nilimweleza Tante. Masanduku yalikuwa bado mlangoni.

“Kwa hiyo hawakunikatalia,” alisema polepole, kwa Kiswahili cha Biblia kabisa, jambo analofanya akiguswa.

“Hawakukukatalia, Tante. Ila sasa tuwatumie kidogo kidogo. Bachache leo, bengine kesho.”

Uso wake ukajifunga. “Nani atatangulia?”

Nikaanza kuhesabu sauti nne kwa vidole.

“Unaona! Ukitanguliza ba-soprano, ba-besi batavimba. Ukitanguliza ba-besi, ba-soprano batakuya na kulia. Apana. Bote, mara moya.”

“Mara moya njo ilituua, Tante.”

Alichukua kisu, akarudia viazi vyake. Nilimwacha amenye. Maganda yalikuwa yanatoka marefu, bila kukatika. Halafu kisu kikasimama.

“Weye,” alisema, “unakumbuka ginsi nilibafundishaka ule wimbo?”

Nilikumbuka. Kila wimbo alianza na besi. Aliwapeleka nyuma ya jiko, akawafundisha mpaka wajue, ndipo akaita tenor, kisha alto. Soprano walingoja mpaka mwisho, wamekaa kwenye baraza wakisukana nywele na kulalamika. Walipouliza kwa nini, aliwajibu: nyumba haianzi na mabati.

“Basi,” Tante alisema, na uso wote ukamfunguka, “kama balingoja siku zile, batangoja na leo. Hakuna mutu atasema kitu. Njo njia ya wimbo. Andika.”

Niliandika. Alisema, nami nikapiga herufi. Hatukuandika barua moja kwa wote. Kila mtu alipata yake, na ndani yake Tante alimsema kama anavyomjua. Baraka kubwa tuliitoa. Herufi kubwa tulizitoa. Mwisho wa kila barua kulikuwa na swali ambalo huwezi kuliacha bila jibu.

“Wa misumari, naye tumuandikie?” niliuliza. “Iko hapa chini tu, tumuambie kwa mudomo.”

“Haiko besi? Apate barua kama wenzake. Andika: Mwaka ule wote uliingia na sauti mbele mukono yangu ishuke. Safari hii utangoja? Jibu.”

Tuliwatumia besi wachache tu, na nikasubiri. Nilikuwa nimefungua kikasha kipya kwenye ile kampuni kubwa inayoshika barua za watu wengi, nikijitumia nakala kuona inaangukia wapi. Mwanzo iliangukia takataka. Lakini wa misumari alijibu siku ileile: Nitangoja, Tante. Kisha besi wa Eringeti: Tante, ile barua ya kwanza baadaye niliiona, nikawaonyesha watoto wangu kama mfano wa wezi wa intaneti, unisamehe, nakuja, na nakuletea ndizi. Kila jibu lilikuwa kama jirani anayesimama mbele ya mkuu wa mtaa na kusema, huyu namjua. Nikaongeza besi wengine. Nikaongeza tenor. Asubuhi moja nilifungua kile kikasha cha majaribio na barua ya kwaya ilikuwa imekaa mbele, mahali pa wageni wa heshima. Nilipiga yowe peke yangu, mwenye nyumba akaja kuuliza nani amekufa.

Alto walipokea siku ileile tuliyowatumia. Soprano, hao walijibu karibu kabla hatujamaliza kutuma, na wote walilalamika kwamba wamewekwa mwisho kama kawaida. Tante aliomba nimsomee malalamiko yao mara mbili.

Si wote walioweza kuja. Alto mmoja anaishi kwenye theluji, na alisema saa ya ibada yetu ataimba jikoni kwake. Tenor wawili hawakujibu kabisa, na wengine hawapo tena duniani wa kuandikiwa. Lakini Jumapili ile, ukungu wa Butembo ukiwa bado juu ya mikaratusi, watu walianza kuingia uani kwa Tante. Wa Kayna walifika wamevaa makoti. Wa Beni, pamoja na yule wa Eringeti na ndizi zake, walifika na mashati mepesi, meno yakigongana, na Tante alifungua masanduku yale ya safari na kuwagawia sweta zake. Besi, watu wazima kabisa, waliingia kanisani na sweta za maua.

Tulisimama mbele. Nywele zilikuwa nyeupe, matumbo yamekua, soprano mmoja alikuwa bibi tayari. Tante aliinua kijiti. Wimbo unaanza na besi, wanangoja mkono ushuke.

Mkono haujashuka bado, na wa misumari akaingia.

Sauti moja, nene, peke yake, ikajaza kanisa zima kisha ikakatika. Tante alishusha kijiti. Alimwangalia.

“Nilikuandikia!” alisema.

“Tante,” besi akajibu kwa unyenyekevu mkubwa, “ilienda spam.”

Sijawahi kusikia kanisa likicheka hivyo. Pasta alishika mimbari. Alto wangu wa kakao alikaa chini kabisa. Tante alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitambaa cha kwaya, na kitambaa, niliona, kilikuwa kimepigwa pasi. Kisha akainua tena kijiti, na mara hii alimwelekezea mtu mmoja kidole cha mkono wa pili, akamshikilia pale pale kama mbuzi wa kufungwa, mpaka mkono uliposhuka.

Besi wakaingia. Sisi tenor tukaingia juu yao. Alto wakaja, na mwisho soprano, waliongoja tangu Beni. Nilikuwa nimeujua upande wangu tu kwa miaka yote, nikiuimba barabarani, kwenye saiberi, kwenye miji ya watu. Sikujua kwamba unakaa hivyo ukiwa mzima. Nadhani hata Tante hakujua, maana katikati aliacha kutuongoza. Alisimama tu, kijiti kimelala kifuani, anasikiliza. Tuliendelea bila yeye mpaka mwisho, na hakuna aliyepotea.

Ulipoisha hakuna aliyesogea. Tante alitutazama mmoja mmoja, kuanzia besi.

“Wasingya,” alisema. Asante. Halafu akageuka, akampa kiongozi mpya kijiti, na akarudi kuwakumbusha wa Beni kwamba zile sweta zinaenda Kipese.